Somo: Kuokoa faili zilizopotea baada ya hitilafu ya diski kwenye Linux

Amri ya `fsck` haikuandikwa ili kuokoa faili zako. Kazi yake ni kuurudishia mfumo wa faili mpangilio usiojipinga, na ili kulifikia lengo hilo itakata na kuhamisha chochote, hata kama kilichokatwa ni tasnifu uliyoiandika kwa miaka 3. Mimi nililijua hilo kwa hasara: niliendesha `fsck -y` moja kwa moja kwenye diski iliyokuwa inakufa, na niliporudi nikakuta saraka yangu ya nyumbani tupu, huku `lost+found`, saraka ambamo `fsck` huweka vilivyopoteza mahali pake, imejaa faili zisizo na majina. Ndiyo maana katika somo hili ukarabati unakuja baada ya kunakili, na hufanyika juu ya nakala tu.

Hatua ya 1: Acha kuiandikia diski. Ipachue kwa `umount /dev/sdb1` (katika mifano hii `/dev/sdb` ni diski yenye hitilafu, na `sdb1` ni sehemu yake, yaani partition; weka majina ya kwako). Ikiwa ndiyo diski inayobeba mfumo wenyewe, zima kompyuta kisha uiwashe kwa Linux iliyo kwenye flashi. Soma `dmesg` (ujumbe wa kiini cha Linux) uone kama kuna mistari yenye `I/O error`, halafu endesha `smartctl -a /dev/sdb` (ripoti ya afya ya diski) na utazame mstari wa `Current_Pending_Sector`: idadi iliyo kwenye safu ya `RAW_VALUE` ikizidi sifuri, zipo sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma, na tatizo si la programu peke yake. Diski inayogonga-gonga izimwe mara moja, kwa kuwa hakuna amri inayotibu kichwa cha kusomea kilichovunjika.

Hatua ya 2: Nakili sehemu nzima. Tumia GNU ddrescue, ukiwa ndani ya saraka ya diski nyingine yenye nafasi ya kutosha:

`ddrescue -n /dev/sdb1 sdb1.img sdb1.map`
`ddrescue -d -r3 /dev/sdb1 sdb1.img sdb1.map`

Amri ya kwanza huchukua yanayosomeka kwa urahisi na kuyaruka maeneo sugu. Ya pili huyarudia yale yaliyorukwa, ikijaribu tena mara 3. Usiipoteze faili ya `sdb1.map`, kwani ndiyo inayokumbuka kilichokwisha kusomwa, na umeme ukikatika katikati utaendelea pale ulipoishia. Kazi ikiisha, toa nakala ya pili kwa `cp sdb1.img kazi.img`, kisha diski mgonjwa uiweke kando.

Hatua ya 3: Karabati nakala. Kwa ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux, anza na `e2fsck -fn kazi.img`, ambayo husoma na kutoa taarifa bila kubadilisha kitu, kisha `e2fsck -fy kazi.img`. Ikilalamika kwamba bloku kuu ya mfumo (superblock) imeharibika, ipo akiba yake. Kwa mifumo yenye bloku za baiti 4096, akiba ya kwanza kwa kawaida hukaa kwenye bloku ya 32768: `e2fsck -b 32768 -B 4096 kazi.img`. Ukiharibu mambo, futa `kazi.img`, nakili upya, jaribu tena.

Hatua ya 4: Ingia `lost+found`. Pachika nakala kwa kusoma tu, `mount -o ro,loop kazi.img /mnt`, kisha uingie ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo). Utakutana na majina kama `#131074`. Hapa inafaa kuelewa kilichotokea, maana jina la faili halikai ndani ya faili. Ukubwa, mmiliki, tarehe na mahali data ilipo huhifadhiwa katika inodi, yaani rekodi yenye namba ambayo kila faili inayo, ilhali jina huandikwa katika saraka inayoielekeza inodi hiyo. Saraka ikiharibika, faili inabaki nzima lakini haina anayeijua, na `fsck` huipa namba ya inodi yake badala ya jina.

Kutokana na hilo, tafuta saraka kwanza:

`find /mnt/lost+found -maxdepth 1 -type d`

Saraka iliyopoteza jina lake yenyewe bado imebeba majina ya vyote vilivyomo, hivyo `#131074` moja ikiwa saraka inaweza kukurudishia mradi mzima bila jasho. Baada ya hapo ndipo uzigeukie faili moja moja:

`find /mnt/lost+found -maxdepth 1 -type f -exec file {} +`

Utaona, kwa mfano, `#131090: PDF document, version 1.4`. Tazama pia namba zinazofuatana: ext4 hujaribu kuweka karibu inodi za faili zilizozaliwa katika saraka moja, kwa hiyo ukiitambua `#131090`, huenda `#131091` ni jirani yake wa zamani. Kwa maandishi matupu, `grep -rl` pamoja na neno unalolikumbuka hufupisha safari.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikiandika `cat #131074` dirisha linaganda. Je, faili imeharibika?*

Hapana, ndugu. Katika bash, alama ya `#` mwanzoni mwa neno huanzisha maelezo, kwa hiyo `cat` haikupewa faili yoyote na inakusubiri uandike kwenye kibodi. Bonyeza Ctrl+C, kisha andika `cat '#131074'`.

*`lost+found` yangu ni tupu, na faili hazipo. Nifanyeje?*

Endesha `photorec` juu ya `sdb1.img`. Hutafuta faili kwa alama za mwanzo wake bila kutegemea saraka wala inodi, kwa hiyo usitarajie majina, na faili iliyotawanyika vipande vipande mara nyingi hutoka na kasoro.

*Mimi natumia mfumo wa faili wa XFS, na rafiki yangu Btrfs. Hatua ni zilezile?*

Mbili za kwanza, ndiyo. Kwenye XFS, `fsck.xfs` haikarabati kitu; tumia `xfs_repair -n` kwanza, na uiogope `-L`, kwa sababu hulitupa jarida (journal, kumbukumbu ya mabadiliko ya mfumo wa faili) pamoja na mabadiliko yaliyokuwa hayajakamilishwa. Kwa Btrfs, jaribu `btrfs restore` ili kutoa faili nje kabla ya kufikiria `btrfs check --repair`.

*Niliwahi kuifuta `lost+found` nikidhani ni uchafu. Nitumie `mkdir`?*

Tumia `mklost+found` ukiwa kwenye mzizi wa mfumo huo wa faili. Huitengea saraka bloku zake mapema, ili siku ya ukarabati `e2fsck` isilazimike kutafuta nafasi kwenye mfumo ambao tayari umevurugika.