Namna ya kuhesabu ndege wa pwani wakati wa kaskazi, Chwaka, Unguja

Kabla hujatafuta darubini, tazama mwezi. Maji yakipwa, ghuba yetu yote inabaki mchanga, matope na majani ya bahari, na ndege wametawanyika mbali hata jicho haliwafiki. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu na siku mbili tatu baadaye, maji yakijaa hufunika kila pahala. Ndege husukumwa kwenye mafungu machache ya mchanga na ukingoni mwa mikoko, wakasimama pamoja kungoja maji yashuke. Wahesabu hapo. Maji mafu hayafai, maana mchanga mwingi unabaki wazi na hawakusanyiki.

Kwetu bamvua hujaa kama saa kumi jioni. Mie hufika saa nane, nikakaa kimya kabla hawajaja. Chwaka inatazama mashariki, kwa hivyo jua la saa hizo linakuwa mgongoni na rangi za miguu na midomo zinaonekana. Asubuhi jua linakupiga usoni na kila ndege anakuwa mweusi. Ukiwa mgeni wa mafungu, waulize kina mama wa mwani. Wapo majini kila siku na wanajua ndege wanasimama wapi. Shikamoo kwanza, maswali baadaye.

Usijilazimishe kuwajua wote. Sululu ni rahisi: mkubwa, rangi ya kahawia, mdomo mrefu uliopinda chini. Vitwitwi, ndege wadogo wa pwani, ni wa aina nyingi. Mmoja wao, mdogo mwenye mdomo uliopinda, huzalia kaskazini kabisa ya Siberia, na ikifika Machi au Aprili utamwona tumbo linaanza kuwa jekundu. Huyo yu karibu kuondoka.

Ninayempenda kupita wote ni yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Hazalii kwetu. Huzalia fukwe na visiwa vya Bahari ya Sham, Oman na Ghuba ya Uajemi, akachimba shimo mchangani na kutaga yai moja, jeupe. Mtoto akiweza kuruka huja huku na mzee wake. Mtazame vizuri Novemba au Disemba: mgongo wake ni wa kijivu, keshakua karibu sawa na mzazi, lakini bado anamwandama huku na huku akilia, mpaka apewe kaa. Mtu akiniuliza ndege huyu ni wa Waarabu au wetu, namjibu kuwa ulezi wake tunagawana.

Sasa hesabu. Kundi la thelathini au hamsini, mmoja mmoja. Likiwa kubwa, hesabu kumi, lishike jicho ukubwa wa kumi hao, kisha upime kundi zima kumi kumi toka upande mmoja, kama upimavyo mchele kwa pishi. Wawe watu wawili, kila mmoja ahesabu peke yake bila kumwambia mwenzake, ndipo mlinganishe. Mkitofautiana sana, rudieni. Ndege wakiinua vichwa na kuanza kusogea, umewakaribia mno, rudi nyuma. Mwisho wa kaskazi wanajaza mafuta ya safari, na kila wanaporushwa wanayapoteza.

Andika tarehe, saa, hali ya maji, jina la fungu na ulipokuwa umesimama. Mwakani simama hapo hapo, kwa maji yale yale. Usipoona ndege, andika sifuri. Nawasisitizia sana vijana jambo hili, kwa sababu wengi huona haya kuleta karatasi tupu, na bila sifuri hatutajua pahala palipohamwa.

Hesabu ya Januari ndiyo yenye uzito zaidi. Wetlands International, shirika la kimataifa la ardhioevu, huikusanya toka nchi nyingi, na ilianza mwaka 1967. Mkataba wa AEWA, unaolinda aina 255 za ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ulianza kazi 1999 na Tanzania imo tangu mwanzo. Wajumbe hukutana na kuangalia kundi gani linapungua, na takwimu zao zinatoka kwenye fukwe kama hizi. Mkataba wa Ramsar wa 1971 nao una kipimo chake: ardhioevu inayopokea mara kwa mara asilimia 1 ya kundi la ndege wa aina moja inastahili kutambuliwa kimataifa. Wala kaa wanakadiriwa kuwa 60,000 hadi 80,000 duniani kote. Basi mia nane kwenye fungu moja la Zanzibar ni jambo kubwa, lakini halina nguvu likibaki kichwani mwa mtu.

Mwisho, pete. Ukimwona ndege ana pete au kibendera cha rangi mguuni, usimkimbize. Andika mguu upi, juu ya goti au chini, rangi kwa mpangilio wake, na herufi ukiziona. Ukimkuta amekufa, usimshike kwa mikono mitupu, maana kuna mafua ya ndege. Piga picha ya pete kila upande mpaka namba na anwani zisomeke, kisha upeleke taarifa kwenye anwani hiyo. Utajibiwa alivishwa wapi na lini. Jibu likija, libandike skuli na nakala mpelekee sheha, watu wa pwani walisome.