Namna ya Kusoma Takwimu za Laini na Minara Kabla ya Kununua Hisa za Kampuni ya Simu

Vikundi vya uwekezaji vya Mbeya na Iringa vinapojadili hisa za kampuni za simu, mazungumzo huanzia kwenye idadi ya laini na mara nyingi huishia hapo hapo. Ni kosa linaloweza kuwagharimu wanachama akiba ya miaka, kwa hiyo naomba tulitazame jambo hili kwa makini.

Kwanza pateni taarifa zenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hutoa kila robo mwaka takwimu za laini kwa kila kampuni, na Vodacom Tanzania, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017 baada ya kuuza hisa kwa shilingi 850 kila moja, hutangaza hesabu zake hadharani. Wekeni mezani taarifa za miaka mitatu, kwa sababu robo moja hudanganya. Januari 2020, kwa mfano, laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na asiyekumbuka hilo anaweza kudhani wateja walikimbia.

Kisha tofautisheni laini na mtu. Katika kikao chetu kimoja pale Mwanjelwa niliomba kila mmoja aweke simu yake mezani: tulikuwa wanane, laini zikawa kumi na tatu. Mama mmoja anayeuza viazi Uyole alikuwa na tatu, moja ya kupokea fedha za wateja, nyingine ya kuwapigia wakulima wa Makete ambako mtandao huo ndio unaoshika, na ya tatu kwa ajili ya bando la bei nafuu. Kampuni tatu zinamhesabu, lakini mfuko wake ni mmoja. Ndiyo maana lazima mgawanye mapato kwa idadi ya laini: laini zikiongezeka kwa asilimia 10 huku mapato yakipanda kwa asilimia 4 tu, wastani wa kila laini umeshuka kwa zaidi ya asilimia 5. Mapato ya fedha za simu myatazame peke yake, kwani hayo huguswa haraka na sera, kama ilivyokuwa tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021.

Upande wa minara unahitaji subira zaidi. Minara hutumia masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba simu na data. Masafa ya chini, kama MHz (megahezi) 700 au 800, hufika mbali na hupenya kuta vizuri, ilhali masafa ya juu, kama MHz 3500 yanayotumika kwa 5G, mtandao wa kizazi cha tano, hubeba data nyingi lakini huishia karibu. Katika jiji la Mbeya, penye watu wengi na simu janja nyingi, masafa ya juu yanaweza kujilipa. Katika mabonde ya Ludewa, mgongo mmoja wa mlima unatosha kuacha kijiji kizima bila mawimbi, hivyo hulazimu mnara mwingine kwa watu wachache ambao wengi wao bado wanatumia kitochi.

Ulizeni pia mnara ni wa nani na nani ameugharimia. Minara mingi humilikiwa na kampuni za minara, kama Helios Towers, nayo mitandao hulipa kodi ya pango. Mingine hujengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa serikali, ambao Mei 2023 ulihusika katika mikataba ya minara 758 ya vijijini. Ruzuku hupunguza gharama ya kujenga, lakini dizeli, betri na ulinzi vinaendelea kudai fedha kila mwezi.

Mkishamaliza karatasi, nendeni siku ya gulio kwenye kijiji kilichopata mnara karibuni, mkae na wakala saa mbili, mkaone watu wananunua bando la shilingi ngapi na la mtandao upi. Mtakayoyaona yaandikeni kama maswali, na mkiwa tayari mna hisa, yapelekeni kwenye mkutano mkuu wa mwaka, ambako mwanahisa mdogo naye ana haki ya kuuliza.