SOMO: Kumpiga picha mtoto mdogo akiwa kwenye mambo yake, bila "cheka" wala "angalia huku"

Habari zenu wadau. Mwezi huu nimeulizwa swali lile lile na wazazi wanne tofauti, kwamba mtoto nyumbani ni mchangamfu, anacheka anaongea mpaka unachoka, ila ukitoa kamera tu anakakamaa, mikono inashuka pembeni kama yupo mstarini shuleni. Nikaona niandike kwa urefu. Mimi napiga picha hapa Dar, harusi ndo zinanilipa kodi ya nyumba, ila kazi ninayoipenda kutoka moyoni ni ya watoto.

Niseme mapema, mtoto wa miaka miwili mpaka sita hana pozi na hatakiwi awe nalo. Ukimwambia cheka anakuonesha meno, na kuonesha meno sio kucheka. Unachotakiwa ni kumpa kitu cha kufanya sehemu yenye mwanga mzuri alafu usubiri, na hapo kwenye kusubiri ndo wengi wanashindwa.

Hatua ya 1: Saa

Asubuhi kuanzia saa moja mpaka saa mbili na nusu, au jioni saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili kasoro. Saa sita mchana jua la kwetu linakaa karibu utosini kabisa, macho ya mtoto yanakuwa mashimo mawili meusi na paji la uso linang'aa. Ila jioni usichelewe, huku kwetu jua likianza kuzama linazama kweli, ukisema ngoja nimvalishe viatu vingine mwanga umeshaondoka.

Na saa ya mtoto ina uzito kuliko saa ya jua. Awe ameshalala mchana na ameshakula. Mtoto mwenye usingizi hapigiki picha, mwache, njoo kesho.

Hatua ya 2: Sehemu

Hauhitaji studio. Mlango wa nyumba ulio wazi ndo studio bora niliyowahi kufanyia kazi. Mkalishe mtoto ndani kidogo, kama hatua moja kutoka kizingiti, pale ambapo jua lenyewe halimfikii ila mwanga unamfikia, wewe kaa pembeni ya mlango. Upande mmoja wa uso utakuwa na mwanga na mwingine na kivuli laini, na kwenye macho utaona kile kidoa cheupe cha mlango. Kile kidoa kikikosekana macho yanaonekana yamekufa. Baraza lenye kivuli nalo ni zuri.

Angalia na kilichomzunguka mtoto maana rangi inarukia usoni. Turubai la bluu la shughuli linawafanya watoto wote wawe wa bluu na hiyo kuirekebisha kwenye kompyuta ni mateso, ukuta wa kijani unatupa ukijani kwenye shavu, na chini ya mwembe unapata madoa madoa ya jua usoni. Shuka jeupe ndo rafiki yako, litandike chini mbele ya mtoto linarudisha mwanga juu kwenye kidevu.

Hatua ya 3: Kamera

Mwenye kamera weka shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) 1/250 ya sekunde kwa mtoto aliyekaa, 1/500 kwa anayekimbia. Ukishuka kwenye 1/60 mkono wake unatoka ukungu hata kama wewe umetulia kama jiwe. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iache ipande mpaka 1600 au 3200, chengachenga kidogo hazijawahi kumuumiza mtu ila ukungu haurekebishiki. Apecha (upana wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni pana) naweka 2.8 mpaka 4. Najua mwenye lenzi ya 50mm anapenda kufungua mpaka 1.8 ili nyuma pafifie, ila kwa mtoto anayetikisa kichwa utapata sikio limetoka safi na jicho limepotea. Fokasi weka kwenye jicho lililo karibu nawe.

Sasa ngozi, hapa naomba mnielewe vizuri. Kamera haijui inamtazama nani, inachofanya ni kujaribu kuifanya picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Mtoto mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, mtoto anatoka hana sura. Hapo pandisha fidia ya mwanga (ile sehemu ya kamera yenye alama ya +/-) mpaka +0.7 au +1. Akiwa mbele ya mlango wenye giza ndani ni kinyume chake, kamera inaongeza na mtoto anatoka amepauka, shusha -0.7. Na tatizo la ngozi zetu kwenye picha ni la muda mrefu, enzi za filamu labu za kusafishia picha zilikuwa zinapimia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Kwaiyo ukiambiwa mtoto wako "hatoki vizuri kwenye picha" usikubali, mtoto hana tatizo, mwanga ndo haujapimwa kwa ajili yake.

Hatua ya 4: Mpe kazi

Hii ndo hatua yenyewe, mngeniambia nifundishe moja tu ningefundisha hii.

Mwaka jana nilienda Muheza kumpigia familia moja picha za mtoto wao wa kike, miaka mitatu na nusu. Wamemvalisha gauni la harusi ya shangazi yake, viatu vinambana, mama na baba wamesimama nyuma yangu wanapiga makofi, "angalia huku, cheka, cheka kwa mjomba!" Mtoto anatazama mama, anatazama baba, anatazama kamera, mwishoni akalia. Nusu saa imepita sina picha hata moja. Nikaomba avuliwe viatu na abadilishiwe ile gauni yake ya kushindia. Bibi yake alikuwa mlangoni kwenye mkeka anachambua mchele, mtoto akaenda mwenyewe akajisogeza mpaka goti lake likagusa ungo. Bibi hakusema kitu, akamsogezea mchele kidogo pembeni. Yule mtoto akaanza kutafuta chuya, anaokota moja kwa vidole viwili, anaisogeza karibu na jicho kuhakikisha, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, kisha anaiweka kwenye kiganja cha bibi kama anakabidhi pesa. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye sakafu mita mbili kutoka kwao. Nilipiga picha kama arobaini. Ya thelathini na kitu hivi alipata kijiwe, akamtazama bibi kwa mshangao kabisa, na bibi akamtazama yeye. Hiyo ndo ipo ukutani kwao mpaka leo.

Kwaiyo tafuta kazi inayoshika mikono. Kumenya chungwa ambalo mtu mzima ameshalianza kwa kisu, kumwagilia maua kwa kopo, kufua nguo ya mdoli kwenye beseni, kupanga gololi, kuwapikia wenzake mchanga kwenye vifuniko vya soda. Wakubwa kidogo waache wacheze rede au kombolela. Kwenye kombolela simama karibu na aliyejificha, usimfuate anayetafuta, kule kujizuia kucheka ndo picha.

Na wazazi, kwa heshima zote, kaeni chini. Mama akishika shughuli yake mtoto anatulia.

Hatua ya 5: Shuka chini, nyamaza

Lenzi iwe usawa wa macho ya mtoto. Ukimpiga umesimama unapata utosi na miguu mifupi. Piga magoti, lala, kaa kwenye ndoo, vyovyote. Dakika kumi za kwanza usipige chochote cha maana, kaa tu na kamera shingoni akuzoee, akitaka kuishika mpe abonyeze mwenyewe. Ukishaanza usimwite jina. Na kitu kikishatokea usishushe kamera haraka, kwasababu sekunde mbili baada ya kucheka, pale uso unaporudi, mara nyingi ndo uso wake halisi.

Hatua ya 6: Ruhusa

Mtoto wa mtu hapigwi picha bila mzazi au mlezi kukubali, hata kama ni wa jirani, hata kama umeenda kijijini kutembea na watoto wamekukimbilia. Picha za mtoto anaoga au hana nguo usiziweke mtandaoni kabisa, na sare yenye jina la shule pia. Na mtoto mwenyewe akisema sitaki, weka kamera chini.

---

MASWALI YA WADAU

Mama mapacha, Morogoro: Asante mwalimu. Mimi nina simu tu tena ya kawaida, naweza?

Unaweza dada yangu. Kwanza futa kioo cha lenzi kwa kitambaa laini, simu zetu zinashinda na mafuta ya mikono na hiyo peke yake inatia ukungu. Tumia kamera ya nyuma, zima ile ya kulainisha ngozi. Gusa uso wa mtoto kwenye skrini ukandamize mpaka fokasi ijifunge, alafu vuta mwanga juu au chini kwa kidole. Usikuze picha kwa vidole (zoom), sogea karibu mwenyewe. Kutoa picha kwenye video inawezekana ila video ya 1080p fremu moja ni kama megapikseli 2 tu, inafaa kutuma, kuchapa kubwa hapana.

Mdau, Mombasa: Wangu akiona kamera tu anatoa vidole viwili na kubinua mdomo, nifanyeje?

Mpige hiyo hiyo kaka, na umuoneshe, msifie. Piga tena akitaka. Baada ya tatu nne atachoka mwenyewe na kurudi kwenye mchezo, wewe ubaki pale pale. Ukimkataza umegeuza kuwa mashindano na yeye ndo atashinda.

Mdau mwingine: Nyumba yangu ina giza, nikiwasha taa picha zinakuwa na mistari mistari.

Hiyo ni taa inapepesa. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila shata ya haraka inaona. Weka 1/100 au 1/50, lakini hapo mtoto awe ametulia, labda anasomewa hadithi. Mimi ningezima taa na kumsogeza dirishani. Kuchanganya mwanga wa taa na wa dirisha kunampa shavu moja la njano na moja la bluu.

Baba mpya: Shikamoo mkuu. Wangu ana miezi mitatu, flashi haimharibu macho?

Marahaba, na hongera sana. Flashi ya kawaida ya kamera haiharibu macho ya mtoto, ila inamshtua na inafanya sura iwe bapa, mimi siitumii, mlaze kitandani karibu na dirisha inatosha. Ila kuna kitu kimoja kila mzazi akijue. Ukipiga kwa flashi ukaona mboni ya jicho moja inang'aa nyeupe na nyingine haing'ai hivyo, na inajirudia kwenye picha zaidi ya moja, usisubiri, mpeleke mtoto kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Inaweza kuwa ni pembe tu ya mwanga, lakini pia inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto wadogo, na ikiwahiwa inatibika.

Mama mapacha, Morogoro: Samahani narudi tena. Nikitaka kuchapa niweke kwenye fremu, nikatume studio kwa WhatsApp?

Tuma kama dokumenti, sio kama picha, kwasababu ukituma kama picha WhatsApp inaibana inapungua ubora. Saizi ya sentimita 10 kwa 15 inataka kama pikseli 1200 kwa 1800, simu yako inafika bila shida. Na ikitoka andika nyuma kwa penseli laini jina, tarehe na alikuwa anafanya nini. Kalamu ya wino usitumie, inasukuma alama mpaka mbele kwenye uso.