Somo: Kupata faragha ya kusali nje, hapa hapa Dar

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wengi wetu tunasali tukiwa tumebanwa: ndani ya daladala, kitandani usingizi umeshatushika, au chumbani huku spika ya baa ya jirani inatingisha dirisha. Mungu anasikia kote huko. Lakini soma Marko 1:35. Jioni iliyotangulia mji mzima ulikuwa umejaa mlangoni, na bado Bwana aliamka alfajiri akaenda mahali pasipo na watu kuomba. Kama yeye aliihitaji faragha hiyo, sisi je?

Hatua ya 1: Tafuta saa kabla ya kutafuta mahali. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Coco Beach ya Jumapili jioni ni mihogo, muziki na umati. Njoo pale pale Jumanne asubuhi, utasikia mawimbi na kunguru basi. Mwezi wa Novemba jua la Dar linachomoza kabla kidogo ya saa 12. Julai linakawia hadi saa 12 na nusu na ushei. Ile saa moja ya mwanga wa kwanza, kabla foleni haijashika, ndiyo yako.

Hatua ya 2: Chagua mahali unapoweza kurudi. Mwembe wa uwani unaoufikia kila siku ni bora kuliko msitu unaouona mara moja kwa mwaka. Mimi huvuka kwa kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni, Jumamosi mbili kwa mwezi. Ukichagua ufukwe, waulize wavuvi habari za maji. Yakiwa yamekupwa leo saa 12 asubuhi, kesho yatachelewa kama dakika 50, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hupanda juu sana. Mwaka wangu wa kwanza niliweka Biblia juu ya jiwe, nikafumba macho. Nilipofumbua, maji yalikuwa yameshafika. Biblia ile ninayo bado, kurasa za Zaburi zimejikunja zote.

Kwa siku nzima ya mfungo, nenda Pugu. Msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi uko upande wa Kisarawe, na unaingia kwa kibali na kiingilio, kwa hiyo jipange. Nawapenda wale wanaokwenda huko wakikumbuka kwamba wamisionari Wabenediktini walifungua misheni Pugu mwaka 1888, na Januari 1889 ikashambuliwa na baadhi yao wakauawa. Vilima vile vimesaliwa kwa machozi.

Hatua ya 3: Punguza mizigo. Biblia ndogo, maji, kanga au mkeka. Simu izime kabisa. Ukizima mlio tu, mkono utaifuata.

Hatua ya 4: Tazama kwanza, sema baadaye. Naomba mtulie hapa. Tukifika tu tunaanza kumwaga maombi kama tuna daladala ya kuwahi. Kaa kimya dakika kumi, utazame kitu kimoja. Kule Kigamboni maji yakikupwa kuna kaa wadogo, hata ukucha wangu ni mkubwa kuliko wengine. Anatoka shimoni, anachota mchanga, anakula kilichomo, kisha anauviringisha kuwa kidonge anakiweka kando. Kidonge baada ya kidonge, mpaka ufukwe wote unakuwa na nakshi. Maji yakijaa yanafuta yote, na kesho anaanza upya, na chakula chake kipo. Asubuhi moja nilikwenda pale na hofu ya kodi ya nyumba ya miezi sita. Nilimtazama kaa huyo, ndipo ombi la riziki ya kila siku likanitoka kinywani nikilimaanisha.

Hatua ya 5: Sasa omba. Mstari mmoja wa Zaburi, kwa sauti ndogo. Mawazo ya ada na ya mgonjwa yakija, usiyafukuze. Yataje mbele za Mungu kwa majina. Malizia kwa Baba Yetu.

Maswali ya wanajumuiya

*Mtumishi, naishi Tandika chumba kimoja, watoto wanne, nauli ya Kigamboni sina. Nifanyeje?*

Dada yangu, uliniambia unaosha vyombo alfajiri chini ya mwarobaini wa uwani. Toka robo saa mapema, ukae pale kabla hujagusa sufuria. Usijione umepungukiwa na chochote.

*Je, usalama? Alfajiri ufukweni kuna vibaka.*

Ni kweli, na imani haikatazi akili. Usiende kabla hakujapambazuka, na usiende peke yako. Nendeni wawili, mkae mbalimbali kidogo lakini mnaonana. Dada zangu, hili mlishike.

*Mama mkwe aliniona nasali chini ya mbuyu, akasema nafuata mizimu. Nimekosa?*

Hukukosa, ila mwelewe mama. Amekua akiona watu wakipeleka chetezo na vitambaa vyekundu mbuyuni, na ameokolewa kutoka huko. Sisi tunamwomba aliyeuumba mti, wala hatuuachii mti kitu. Bwana aliomba mlimani, akaomba bustanini Gethsemane. Hata hivyo, kwa ajili ya dhamiri yake, hamia mahali pa wazi, kisha siku moja umwombe mkasali wote.

*Na masika je? Machi hadi Mei hakukaliki nje.*

Kaa barazani, mlango ukiwa wazi. Mvua ikishika kasi juu ya bati hata redio ya jirani huisikii, na unaweza kumlilia Mungu kwa sauti yako yote bila mtu kugeuka.