Kuweka Nembo ya Taifa kwenye kichwa cha barua bila kuiharibu

Mwongozo huu ni wa wachapaji na wasanifu wanaopokea kazi za ofisi za umma Tanzania.

1. Anza na ruhusa. Nembo inalindwa na Sheria ya Nembo za Taifa, Sura ya 10. Kampuni au saccos ikitaka "Bibi na Bwana", jina la mtaani la Nembo hii, ili karatasi yake ionekane nzito, ikatalie. Taasisi ya umma ilete oda ya maandishi yenye saini na mhuri. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ina nembo yake, usichanganye.

2. Omba faili ya vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora. Picha ya kuokota mtandaoni ukiikuza hufanya ngazi kwenye kingo, na maandishi ya utepe hugeuka ukungu.

3. Ikague kuanzia juu. Usiruke hatua hii hata kama faili imetoka kwa mteja mwenyewe. Juu ya ngao kuna mwenge kwenye eneo la dhahabu, rangi ya madini. Inafuata bendera: kijani iwe juu kushoto, bluu chini kulia. Ikiwa kinyume, mtu ameigeuza picha kama kwenye kioo, kisha akaandika upya maneno ya utepe ili isigundulike. Chini ya bendera ni wekundu wa udongo wenye rutuba, halafu mawimbi ya bluu na meupe ya bahari na maziwa. Mkuki umesimama wima, shoka na jembe vimepishana.

Sasa tazama miguuni. Mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu; kwa mwanamume kuna mkarafuu, kwa mwanamke mpamba. Michoro mingi ya kunakili hufanya yote miwili vichaka vya aina moja, na maana ya ushirikiano inayobebwa na mimea hiyo miwili inapungua. Pamba nyeupe lazima ionekane. Ngao imesimama juu ya Kilimanjaro, na utepe unasema "Uhuru na Umoja".

4. Ipange. Kwenye A4, urefu wa milimita 22 hadi 25 unatosha. Chini ya 15 utepe hausomeki. Vuta kwa kona tu, maana ukivuta ubavuni watu wananenepa. Iweke katikati, pamoja na "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" na jina la wizara.

5. Wino mmoja? Usigeuze faili ya rangi kuwa ya kijivu. Kijani na nyekundu hutoka kijivu kinachokaribiana, bendera ikazama ndani ya ngao. Tumia mchoro wa mistari, na kwa mhuri wa mpira mistari isipungue milimita 0.2, la sivyo wino utaziba nafasi.

6. Jaribu nakala moja kwenye karatasi ileile ya kazi. Ikikubalika, chapa idadi ya oda tu. Zilizoharibika zihesabu, zichane au mrudishie mteja. Usizifanye karatasi za kufungia vitu: barua tupu yenye nembo ikiokotwa, kilichobaki kughushi ni maneno tu.