Kuchagua filamu za Krismasi nyumbani Kigoma

Flashi nyingi zinazojazwa mtaa wa Mwanga hapa Kigoma Desemba 24 hujazwa kwa sentensi moja: "Niwekee za Krismasi." Mtu anarudi nyumbani na filamu kumi na tano asizozijua. Usiku wa sikukuu mtoto wa miaka mitano analia kwa hofu, bibi anauliza "Wanasemaje?", na vijana wamesharudi kwenye simu zao. Filamu nne zilizochaguliwa kwa kuwaangalia watu wa nyumba hiyo zingetosha kabisa. Anza kazi hii Desemba 20 hivi, kabla mafundi wa kurusha (kunakili) muvi hawajazidiwa na foleni, ili ubaki na muda wa kubadilisha zitakazokataa kucheza.

Anza na watu

Mdogo kuliko wote atakayekuwa macho ana miaka mingapi? Nani hafuati Kiingereza? Nani hawahi kusoma maandishi yanayopita chini ya picha? Hapo wamo watoto wa darasa la kwanza na la pili, na wazee ambao macho yamepungua nguvu. Halafu, wageni ni akina nani? Swali hilo lina uzito wake Kigoma. Ujiji na Mwanga majirani Waislamu huja kula pilau ya Krismasi kama Wakristo wanavyokwenda kwao siku ya Idi, na Waislamu wengi hawapendi kumwona Nabii Isa akiigizwa na mtu. Filamu za kuzaliwa kwa Yesu ziweke asubuhi mkitoka ibadani au usiku wageni wakishaaga. Wakati wa pilau weka kisa cha familia au katuni. Ni heshima ndogo isiyogharimu kitu.

Kuna na mvua. Desemba ni mwezi wa mvua huku kwetu, na katika nyumba ya bati isiyo na dari mvua ikishuka hakuna subufa itakayosikika. Kwa hiyo kila orodha iwe na filamu moja ya akiba ambayo kisa chake kinaonekana kwa macho: mbio, vituko, wanyama, watu wanaofanya zaidi ya wanavyosema.

Jalada hudanganya

Mti wenye taa na kofia nyekundu kwenye jalada havikuambii filamu ni ya nani. Gremlins ya 1984 inaanza na kinyama kizuri kilicholetwa nyumbani kama zawadi ya Krismasi, kisha inageuka kuwa ya kutisha. Ni moja ya filamu zilizofanya Marekani waongeze daraja la umri la PG-13 mwaka huohuo. Die Hard ya 1988 yote inatokea usiku wa mkesha wa Krismasi, lakini imejaa risasi, damu na matusi. Soma daraja la Kimarekani: G ni ya wote, PG mzazi awe karibu, PG-13 ina mambo yasiyofaa watoto walio chini ya miaka 13, R asiyefika miaka 17 anahitaji mzazi kando yake. Filamu za hapa nchini hupewa daraja la umri na Bodi ya Filamu. Tatizo la flashi ni kwamba haina jalada, basi tafuta daraja mtandaoni kwa jina pamoja na mwaka.

Mwaka usiuache kamwe. Home Alone ya 1990 na ya pili ya 1992 ndizo zenye mtoto mwigizaji Macaulay Culkin. Ya tatu, ya 1997, ina mtoto mwingine na kisa kingine, na wengi hurushiwa hiyo wakidhani ndiyo ile.

Zipi, na saa ngapi

Kwa mchana wenye watu wa kila umri, Home Alone ya 1990 bado ni chaguo salama: dakika 103, na sehemu ya mwisho ya mitego inaeleweka hata mvua ikipiga. Hatari yake ni watoto kuiga. Mle ndani kuna pasi inayomwangukia mtu usoni, kitasa kilichopashwa moto na msumari kwenye ngazi. Kabla hamjaanza waambie wadogo kwamba waigizaji hawakuumizwa kweli, na jiko la mkaa na pasi viwe mbali. Katuni ya Klaus ya 2019 inafaa zaidi kwa wenye miaka sita hadi kumi na miwili. Ni kisa cha mtu wa posta aliyepelekwa kwenye mji wa barafu ambako koo mbili hazielewani. Watoto wengi wa kwetu hawajaona theluji wala bomba la moshi la nyumba, hivyo dakika moja ya kueleza kwa nini mgawa zawadi za Krismasi anapitia juu ya paa itakupunguzia maswali arobaini katikati ya filamu.

Kwa familia inayotaka habari yenyewe ya Bethlehemu, The Nativity Story ya 2006 inafuata safari ya Mariamu na Yusufu kwa utulivu. Angalizo ni kwamba inafungua kwa askari wa Herode wanaoua watoto. Waite wadogo baada ya dakika hizo. Filamu ya Jesus ya 1979 ina faida kubwa ya kupatikana kwa Kiswahili. Inafuata Injili ya Luka, kwa hiyo kuzaliwa kunapita upesi mwanzoni, na mbele kuna mateso na msalaba. Ukiwa na watoto onyesha mwanzo tu, kisha usimamishe.

Usiku watu wazima wakibaki, inayostahili kutafutwa ni It's a Wonderful Life ya 1946. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, dakika 130, na malaika anachelewa kuingia, kwa hiyo usiiweke baada ya chakula kizito. Mhusika wake ni mtu mwema aliyelemewa na upotevu wa fedha hadi anafikiria kujiua usiku wa mkesha wa Krismasi. Watu wa mji wanavyoitikia shida yake hakuhitaji tafsiri kwa yeyote aliyewahi kushika daftari la michango. Mtu aliyefiwa karibuni au mwenye mzigo wa madeni aitazame akiwa na mwenzake, asiachwe peke yake na filamu hiyo.

Za Kiswahili zisisahaulike. Binti ya 2021 ya Seko Shamte inawafuata wanawake wanne mjini Dar es Salaam, na Vuta N'Kuvute ya mwaka huo huo, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950. Zote mbili ni za watu wazima. Ukichukua Bongo muvi ya zamani hakikisha una sehemu ya kwanza na ya pili. Nyingi ziliuzwa zikiwa zimekatwa katikati.

Filamu zilizotafsiriwa ni msaada mkubwa kwa bibi na babu. Ila mtafsiri huzungumza juu ya sauti ya asili, na wengine huongeza maneno yasiyosemeka mbele ya wakwe. Sikiliza dakika tano mahali patatu tofauti kabla hujaikubali.

Jaribu kwenye TV yenyewe

Kucheza kwenye simu hakumaanishi itacheza sebuleni. Ikileta sauti bila picha kwenye TV ya zamani, mara nyingi picha ya faili imebanwa kwa mfumo wa H.265, pia huandikwa HEVC au x265: omba la H.264. Ikileta picha bila sauti, huenda sauti ni ya mfumo wa DTS ambao TV yako hausomi. Faili la zaidi ya GB 4 haliingii kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Kwa TV ya inchi 32, nakala yenye ubora wa picha wa 720p inatosha. Jina likiwa na CAM, imerekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema, iache. Faili la maandishi yanayopita chini ya picha lipewe jina lilelile la filamu, liishie na .srt, likae folda moja nayo. Kisha ruka katikati, ruka dakika kumi za mwisho: nakala zilizokatika hukatikia huko.

Umeme ukikatika, betri ya gari ya aina ya N50 iliyojaa ina takriban wati-saa 600, na si vizuri kutumia zaidi ya nusu. TV ya wati 40 na subufa ya wati 20 zitapata kama saa nne kwenye inveta, yaani filamu mbili. Wenye projekta ya uani wasiwaalike watu saa moja jioni. Desemba jua la Kigoma huzama kama saa moja na dakika kumi, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam, na picha haionekani vizuri kabla ya saa moja na dakika arobaini.

Desemba 26 iwekeeni The African Queen ya 1951. Haikupigwa Kigoma, sehemu zake za Afrika zilipigwa Uganda na Kongo, lakini riwaya iliyoizaa ilichota kwenye vita vya Ziwa Tanganyika, ambako Waingereza waliiteka meli ya Kijerumani Kingani tarehe hiyohiyo mwaka 1915. Meli kubwa ya Wajerumani iliyoundwa Ujerumani kisha ikaunganishwa hapa Kigoma, Graf von Götzen, ndiyo Liemba tunayoijua. Mwenye babu aliyesafiri nayo amkalishe mbele, na filamu isimamishwe kila anapotaka kuongeza neno. Ina dakika 105. Tengeni saa tatu.