Nukta mbili badala ya msitu wa nguzo
Ukichora grafu ya lugha ya nyumbani na imani kwa serikali katika nchi nyingi, achana na nguzo. Ipe kila nchi mstari mmoja wenye nukta mbili za asilimia ya wanaoiamini serikali: kati ya wanaozungumza lugha rasmi nyumbani, na kati ya wasioizungumza. Kisha panga nchi kwa ukubwa wa pengo, si kwa alfabeti (kosa langu la miaka). Jicho hupima umbali kati ya nukta mbili upesi kuliko kulinganisha nguzo arobaini. Mbinu hii hugoma kundi mojawapo likiwa dogo: Afrobarometer, utafiti wa maoni ya wananchi barani Afrika, huhoji watu 1,200 au 2,400 kwa kawaida kila nchi, na kundi likibaki na watu 60, asilimia yake huyumba takribani pointi 13 juu au chini. Nukta hizo mimi huzifuta.